Divai Niliyoimwaga

Yona,

Barua za mama kwa mwanawe huanza na salamu na neno "mpendwa". Leo salamu sina, na lile neno jingine limenikwama kooni. Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa kamba kana kwamba unahama nchi, nami nimekaa mezani na kalamu kwa sababu tangu tulipogombana hatusemezani. Ukirudi utapita kama unavyopita siku hizi, macho kwenye simu, na kesho utaondoka hivyo hivyo. Basi nimeandika. Ukitaka kuichana ichane, lakini isome kwanza.

Sitakwambia ubebe sweta, wala ule vizuri, wala umheshimu aliyekuzidi umri. Una ndevu. Mambo ya sweta niliyamaliza ulipokuwa darasa la pili. Na usidhani nimeshika kalamu kwa sababu hasira imeniisha. Ninayo. Nimepika nayo, nimelisha nayo mbuzi, na Jumapili nimekwenda nayo kanisani nikarudi nayo.

Unakwenda kwa Hezekia. Ungekwenda Mwanza ningenyamaza. Ungekwenda hata Dar kuuza mitumba ningekuombea, nikalala. Lakini unakwenda Ihumwa kwa mdogo wa marehemu baba yako, kufanya kazi katika shamba lile lile la zabibu ambalo baba yako alilipulizia dawa mpaka akaisha yeye. Nilipokwambia hivyo ulinijibu umesimama karibu hata mate yako yakanirukia usoni. Ulisema, "Baba aliuawa na maradhi, Mama. Dawa unaisingizia tu."

Haya. Ulikuwa mdogo wakati ule, huna unachokikumbuka ila jeneza na wali. Ngoja nikwambie ninachokijua mimi.

Shamba la Ihumwa tulilipanda mimi na Lazaro, baba yako, tukiwa maharusi. Miaka ile kila mtu alipanda zabibu, na sisi tukapanda. Dawa alipuliza mwenyewe. Bomba lake la mgongoni lilikuwa linavuja pale linapokutana na mkanda, na kila alipopuliza maji ya dawa yalimshuka mgongoni mpaka kiunoni. Akiwa na haraka alikoroga kwa mkono. Ikifika saa ya chakula alikaa kivulini, akamega ugali, akachovya kwenye mlenda, na mimi nilikuwa nikimwambia anawe, naye ananiambia ameshanawa. Mashati yake niliyafua katika beseni lile lile nililofulia nepi zako. Harufu ile niliipenda, Yona. Kwangu ilikuwa harufu ya mume aliyerudi nyumbani.

Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Alishindwa kufunga vifungo vya shati, akawa anavaa fulana. Akaanza kukosa pumzi, mwanaume aliyekuwa anabeba gunia la samadi begani bila kupumzika njiani. Hospitali walimpima, wakaupa ugonjwa wake jina, na jina lile silibishii. Lakini hakuna aliyeuliza habari za bomba, na mimi niliyekaa kwenye kile kistuli kando ya kitanda sikuzisema. Niliogopa daktari angemfokea mbele ya wagonjwa wengine kwa uzembe. Nilimlinda asione aibu. Nikamzika bila aibu.

Kwa hiyo sina cheti kinachosema dawa ndiyo iliyomwua. Hilo nakupa, lichukue uende nalo. Lakini na wewe huna kinachosema siyo. Kati yangu mimi na wewe, aliyefua yale mashati ni mimi.

Baba yako mdogo alikuja siku tulipoanua matanga. Alikaa, akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa upole mwingi, akasema, "Shemeji, shamba hili litakushinda." Lilikuwa limeshanishinda. Nikamwachia. Nikafunga vyombo, nikaomba kuhamishwa shule niliyokuwa nafundisha, nikakuleta huku Mpwapwa kwenye ardhi ya baba yangu, juu mlimani, mahali ambapo baridi ya Juni inapasua midomo na asubuhi ukungu unakuja mpaka mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi.

Unajua walivyonicheka nilipoamua kupanda mizabibu huku. Kule Ihumwa zabibu huiva kwa pupa, jua linazisukuma. Huku zinakawia, na watu wakasema hazitaiva kabisa. Walinipa jina. Nikipita nikitoka shule, nikiwa na madaftari ya watoto mkononi, nasikia nyuma yangu, "Mwalimu analima ukungu." Na niliposema sitapuliza dawa ya dukani hata tone, kwamba nitatumia samadi ya mbuzi na unga wa salfa na maji ya mwarobaini, wakaacha kucheka wakaanza kuchukia. Wakasema shamba langu litafuga magonjwa na kuwaambukiza wao, na wao walikuwa na mahindi! Sikujibu. Chuki ya watu ukiijibu inapata mguu wa pili wa kusimamia.

Mashimo tulichimba wote wawili, mimi na wewe. Hilo sitalificha kwa sababu nina hasira. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, matokeo yalikuwa yamekuvunja moyo, ulikuwa hutaki kuonana na mtu. Ulichimba kama mtu anayempiga adui. Mwamba ulipotokea ulileta nyundo. Mikono ikakutoka malengelenge, yakapasuka, ukafunga vitambaa ukaendelea, na mimi nikawa nakuangalia nikasema moyoni, huyu sasa atapona.

Mizabibu ilipoanza kutoa maua mara ya kwanza, nilipita na mkasi nikayakata yote. Ulininunia wiki nzima. Ulisema nawaua watoto tumboni mwa mama yao. Nilikueleza kwamba mzabibu mchanga ukiuacha uzae kabla mizizi haijashuka, utazaa mara moja na kulemaa. Ulielewa kwa kichwa. Moyoni hukuelewa, na ilinipasa nilione hilo tangu siku ile. Wewe huwezi kukosa. Ulishakosa mara moja, kwenye ile karatasi ya matokeo, na toka hapo kukosa kwako ni kufa. Mimi nimekosa mpaka nimezoea, nikadhani kila mtu anazoea.

Ndipo ikaja ile Julai. Mizabibu ilikuwa imeachiwa kuzaa kwa mara ya kwanza, vichala vimening'inia vidogo, vya kijani, vigumu kama risasi. Dada yangu akafanyiwa upasuaji hospitali ya Mvumi, nikaenda kumuuguza. Nilikuachia shamba.

Ulinipigia simu nikiwa nje ya wodi nafua. Sauti yako ilikuwa ya mtoto. Ulisema ubwiri umeingia, ule ukungu mweupe unaokaa juu ya tunda kama limemwagiwa unga, umeanzia mistari ya chini karibu na barabara na unapanda. Nikakwambia kata majani upepo upite, nyunyiza salfa asubuhi, ngoja. Ukaniuliza, "Na isiposaidia?"

Nikasema, "Tutakosa. Tumeshawahi kukosa."

Kisha nikakata simu, kwa sababu sabuni ilikuwa inanikaukia mikononi. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi tangu siku zile. Sikukudanganya. Lakini nilikujibu kama mtu anayekariri shairi darasani, na wewe ulikuwa peke yako mlimani na ugonjwa unapanda.

Ukampigia Hezekia. Alipanda bodaboda toka stendi ya Mpwapwa, bomba amelipakata, akafika kwangu nikiwa sipo, akaingia shambani kwangu kwa miguu yake. Mlipuliza mistari ya chini pamoja. Ugonjwa ukasimama. Na mimi niliporudi nikaona mizabibu misafi, nikasimama katikati ya akina mama wa kanisa waliokuja kunipa pole ya mgonjwa, nikakushika bega nikawaambia, "Mnamwona huyu? Aliokoa shamba kwa salfa na mkasi."

Ulipokea zile sifa, Yona, ukaziweka mfukoni kama chenji. Hili ndilo ninalokuchukia kwalo, kama bado hujaelewa. Kupuliza nilikuelewa usiku ule ule niliojua. Hofu ni hofu. Lakini uliniacha nitembee mji mzima nikijisifu kwa kitu kisichokuwepo, na kila nilipokisema mbele yako ulitazama pembeni ukaniacha niendelee.

Tulivuna wakati kule Ihumwa walishavuna wakasahau. Zabibu nyeusi, ndogo, ngozi ngumu, zimeivia baridini. Ulizitoa vikonyo kwa mkono. Lile banda la zamani la mbuzi ulilipaka chokaa, ukaleta mapipa, ukaleta tangi, ukatumia yote uliyofundishwa kwenye ile kozi ya divai ya mjini, na zilipoanza kuchachuka ulihamishia godoro humo. Nilikuwa nakusikia ukifungua dirisha ili baridi iingie, ukilifunga, ukizamisha maganda kwa mti, unaongea peke yako. Ulikonda. Ukawa unanuka kama kanisa siku ya ushirika. Mimi ni mama wa kanisa, pombe siigusi, na bado nilikuwa napita nje ya banda lile napunguza mwendo.

Halafu akaja yule Bi Rehema kutoka Arusha, anayezitafutia hoteli za wageni divai isiyo na dawa. Aliingia bandani na viatu vyake vizuri, hakuogopa matope. Ulimchotea kutoka kwenye tangi. Akanusa, akanywa, akaizungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo, akanywa tena na mara hii akameza. Akasema, "Mama Yona, hii bado ni mtoto. Ni nyepesi, ina ukali wa ubichi. Lakini haina uongo ndani yake."

Ukainama kufunga kamba ya kiatu. Ulikuwa umevaa ndala.

Niliona. Mama huona. Nikajiambia mwanangu ana haya mbele ya wageni.

Hezekia ndiye aliyenifungua macho, na alichagua mahali. Ilikuwa kwa shangazi yako Damari, aliyeolewa hapa Mpwapwa, siku ya kipaimara cha binti yake, turubai limefungwa uani, watu wamejaa. Mimi nilikuwa nimekaa na wakwe. Mtu mmoja akauliza habari za divai yangu, nikaeleza, nikaeleza na kueleza, unanijua. Hezekia alikuwa na sahani ya pilau magotini. Akamaliza kutafuna kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetania, "Shemeji, punguza kuringa. Muulize mwanao nani aliyeiokoa divai yako isiyo na dawa."

Watu walicheka. Hata wasiojua alichokisema walicheka. Mimi niliweka sahani chini, nikachukua kanga yangu, nikapanda mlima kwa miguu. Ulinifuata kwa mbali. Ulinikuta nimekaa kizingitini mwa banda, nikakuuliza kama ulipuliza. Ukasema mistari ya chini tu. Nikakuuliza zabibu za mistari ya chini ziko wapi. Uliangalia lile tangi.

Zote zilikuwa humo. Za chini na za juu, zilizopulizwa na zisizopulizwa, zimeshakuwa kitu kimoja.

Ulinisihi nisimwambie Bi Rehema. Ulizunguka nyuma yangu siku nzima kama nzi. Ulisema hakuna atakayejua, dawa imeshaoshwa na umande, mwakani tunaanza upya kwa uaminifu. Nikakuuliza uaminifu unaoanza mwakani unaitwaje leo. Ukaondoka ukaenda kupasua kuni.

Bi Rehema alipokuja nilimwambia kabla hajakaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hawezi kuichukua kwa jina lile, na kwamba udongo wenyewe lazima usubiri tena, miaka, ndipo aweze kurudi kuzungumza nasi. Hakufoka. Alikutazama wewe bila hasira yoyote, na nikaona jinsi ulivyotamani akutukane. Alipoaga alinishika mkono akasema, "Pole, mama." Hiyo pole iliniuma kuliko kicheko cha Hezekia.

Na wewe ukafanya nini? Gari lake halijafika hata bondeni, ukampigia Hezekia. Ukaniletea habari kama zawadi. Baba mdogo atalichukua tangi zima, ataichanganya na divai yake mwenyewe, ataongeza sukari, itauzika, hatutapoteza kitu. Pikapu inakuja kesho asubuhi. Ulisema "hatutapoteza kitu", ulisema ukitabasamu, na mimi nilikuangalia nikaona uso wa Lazaro ukiniambia ameshanawa.

Nilikwenda bandani nikafungua bomba la tangi.

Hukunikuta mapema. Divai ilikuwa imeshapita chini ya mlango, imeshuka uani, imeufuata mfereji mpaka barabarani. Udongo ule mwekundu uligeuka mweusi. Kuku walikuja wakainamisha vichwa, wakaondoka. Ulipiga magoti ukashika kile kishikio ukifunge, na mimi nikashika mkono wako. Una nguvu kunishinda. Ungenisukuma mara moja tu ningeanguka kwenye tope lile. Hukunisukuma. Ulikaa pale umepiga magoti, mkono wako chini ya wangu, tukaisikiliza mpaka ikaisha.

Ndipo uliposema, "Ile ilikuwa yangu pia."

Na baadaye, tukiwa tumesimama, ndipo ulipoleta yale ya baba yako na maradhi, na ukamalizia kwa lile ambalo sijalijibu mpaka sasa. Ulisema nampenda aliyekufa kuliko anayeishi. Nikakwambia toka. Neno moja. Ukalichukua neno lile ukalifanya safari, na kesho unapanda basi.

Sasa nakujibu.

Ukweli ni kwamba sikumwaga kwa ajili ya Lazaro. Ningependa iwe hivyo, ingesikika vizuri kanisani. Wala sikumwaga kwa ajili ya ile ahadi ya kutopuliza, maana nilikuwa nimeshamwambia Bi Rehema kweli yote, ahadi ilikuwa imekwisha kuvunjika na kutangazwa. Ningeweza kuiuza kwa mtu yeyote kama divai ya kawaida, bila kosa mbele ya Mungu wala serikali. Nilimwaga kwa chuki. Nilimwona akilini Hezekia akipandisha kwenye pikapu yake kitu kingine cha kwangu, akiniita shemeji kwa upole, na nikaona heri inywewe na barabara. Chuki hufanya kazi haraka sana. Miaka ya jasho lako iliisha kwa muda ambao ungetosha kuchemsha chai.

Sikuombi radhi. Ningeomba, ningekuwa nadanganya, kwa sababu pikapu ile ikija tena kesho kuchukua tangi jingine nadhani nitafungua bomba tena. Hivyo ndivyo nilivyo, na nimeshakuwa mzee, sitageuka. Lakini ujue ulikuwa unagombana na nini. Wewe ulidhani unagombana na marehemu. Ulikuwa unagombana na mjane mwenye kinyongo, na hilo ni jambo dogo zaidi na baya zaidi.

Na kuhusu kumpenda aliyekufa. Lazaro sikumpenda vya kutosha alipokuwa hai. Ningempenda vya kutosha ningempokonya lile bomba, tukagombana, akanuna, akalala kwa Hezekia, akaishi. Mimi nilipenda amani ya nyumba. Nilikuwa mke mzuri, kila mtu alisema. Kwako nimeamua kuwa mama mbaya. Kama hukuona kwamba huko ni kupenda, basi sikukufundisha kitu.

Huko uendako, Hezekia atakupa bomba siku ya kwanza. Hatakupa kwa ubaya. Atakwambia kazi ni kazi, na kwamba yeye amepuliza miaka yote na bado anakula pilau. Siyo mtu mwovu, baba yako mdogo, ingawa ningefurahi sana awe. Ni mtu mwenye bahati, na mtu mwenye bahati ni mwalimu mbaya kuliko wote. Akikupa bomba, mwambie atangulie yeye, nawe utembee upande unakotoka upepo. Akicheka, acha acheke. Akikwambia unamwogopa mama yako, mwambie ndiyo.

Mizabibu ya hapa nitaitunza. Mistari ya chini nitaiacha izae, na zabibu zake watakula ndege na watoto wanaotoka shule, wakiziosha kwanza. Udongo utasubiri na mimi nitasubiri nao, kusubiri ni kazi ninayoiweza. Akina mama wa kanisa wameshasikia yote. Mmoja alikuja kunifariji, akasema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Nilimwambia asikuseme. Nikamwambia mwanangu alilala na divai yake kama mtu anayelala na mtoto mwenye homa, na yeye hajawahi hata kukaa na sufuria ya maharage mpaka yaive. Hatazungumza nami tena karibuni. Usichukulie hilo kuwa ni msamaha. Nakusema mimi. Wengine hawana ruhusa.

Kuna jambo moja umebaki hulijui, na nimezunguka kurasa zote hizi kulikwepa.

Kabla sijafungua lile bomba mpaka mwisho, nilichukua kikombe cha bati kilichokuwa pale dirishani, nikakinga. Mimi, ambaye hata kwenye ushirika nalowesha midomo tu. Nikanywa chote nimesimama. Mwanzo ilinikunja mdomo kama rozela isiyotiwa sukari. Kisha ikafunguka. Ikanipa asubuhi za huku, zile za baridi, majani yakiwa na maji, na moshi wa jikoni kwa jirani, na kitu kingine mwishoni, kitamu, kilichokaa ulimini wakati nimeshameza. Sijui maneno anayotumia Bi Rehema. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Ilikuwa nzuri, Yona. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka mikononi mwetu, na ilitoka mikononi mwako. Nilijua hivyo, kikombe kikiwa mkononi, na nikafungua bomba mpaka mwisho.

Ndiyo maana siwezi kukutazama usoni siku hizi. Ulidhani ni kwa sababu yako.

Basi la asubuhi hupita chini ya shamba. Stendi sitakuja, waachie wanakwaya wako wakusindikize. Nitakuwa juu huku napalilia, mgongo nimeupa barabara. Usimwambie dereva apige honi. Nikigeuka utaniona ninavyolia, na hilo sitakusamehe.

Mama yako